Askofu Kabla ya Kanisa: Miaka Mia Moja ya Kiti cha Zanzibar

Tarehe 1 Januari 1861, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu George mjini Cape Town, maaskofu walimwekea mikono Charles Frederick Mackenzie wakamfanya askofu. Ibada yenyewe ilikuwa ileile ambayo Wakristo wameifanya tangu karne za mwanzo. Kilichokuwa kigeni ni dayosisi aliyopewa. Haikuwa na jengo la ibada, haikuwa na kasisi mwenyeji, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebatizwa ambaye angeweza kumwita Baba Askofu. Mackenzie alikuwa safarini kuelekea nchi za Ziwa Nyasa, ambako hakuwahi kufika, kuchunga kundi ambalo bado halijakuwapo.

Kutokana na siku hiyo ulizaliwa uaskofu wa Zanzibar, ambao ulikuja kuenea Unguja, Tanga, Masasi na mwambao wa Nyasa, na ambao ulichangia sana kukiweka Kiswahili katika vitabu vilivyopigwa chapa. Lakini uaskofu huo una somo jingine, ambalo halisimuliwi mara nyingi. Kwa miaka mia moja watu walililipia, kwa jasho na kwa maisha yao, jibu la swali ambalo Wakristo wameulizana tangu mwanzo: je, askofu ndiye analizaa kanisa, au kanisa ndilo linamzaa askofu?

Kiti kilivyopata sura yake

Baada ya Mitume kuondoka, makanisa ya mijini hayakuongozwa kwa namna moja. Mengi yalikuwa chini ya baraza la wazee. Mwanzoni mwa karne ya 2 Ignatius, askofu wa Antiokia, alikuwa anapelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari ili akauawe. Njiani aliyaandikia makanisa ya Asia akiyasihi yasifanye jambo lolote bila askofu. Alitaka kila mji uwe na askofu mmoja na meza moja ya Ekaristi, na mapadre na mashemasi wawe pamoja naye. Kadiri karne hiyo ilivyosonga, mpango huo ulienea karibu kila mahali.

Hoja hiyo ilikomaa Afrika. Cyprian wa Karthago, mji ambao magofu yake yako Tunisia ya leo, alifanywa askofu karibu mwaka 248, muda mfupi tu baada ya kubatizwa, kwa sababu waumini walimtaka. Dhuluma ya Kaisari Decius ilipoanza mwaka 250 alijificha akaliongoza kanisa kwa barua, na wengi wakamlaumu. Katika barua hizo alieleza kwamba tangu mwanzo wa uaskofu wake alijiwekea sharti la kutofanya lolote kwa rai yake peke yake, pasipo shauri la mapadre wake na ridhaa ya watu. Dhuluma iliporudi chini ya Kaisari Valerian hakujificha tena. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, katika eneo la mji aliouchunga.

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliweka kanuni ambayo inafuatwa mpaka leo: askofu awekwe na maaskofu wa jimbo lake lote, na ikishindikana wasipungue watatu, na wale wasiofika watoe kibali kwa maandishi. Kwa hiyo uaskofu ulisimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni mikono ya maaskofu waliotangulia, la pili ni umoja wa mahali, na la tatu ni ridhaa ya watu wanaochungwa.

Hilo la tatu ndilo lililochakaa mapema. Katika Ulaya ya zama za kati wafalme na Mapapa waligombana juu ya nani mwenye haki ya kumkabidhi askofu pete na fimbo, mpaka walipopatana huko Worms mwaka 1122. Uingereza, tangu enzi ya Mfalme Henry VIII, mfalme ndiye aliyemtaja askofu. Waingereza walipotawala ng'ambo, maaskofu wao walitumwa kwa hati za kifalme, wakawa sehemu ya serikali kama walivyokuwa magavana na majaji.

Ubishi wa London na Oxford

Katikati ya karne ya 19 Waanglikana walianza kuzitazama nchi za Afrika ambako Malkia hakuwa na bendera, wakagawanyika pande mbili.

Upande mmoja alikuwapo Henry Venn, katibu wa chama cha misheni cha CMS mjini London kuanzia mwaka 1841 hadi 1872. Venn alisema wahubiri waende kwanza, watu waamini, makasisi wenyeji wapatikane, kanisa lijitegemee, lijitawale na lijieneze lenyewe. Askofu angekuja mwisho, akiwa mwana wa nchi hiyo, kulikamilisha kanisa lililokwisha kusimama.

Upande wa pili alikuwapo Samuel Wilberforce, askofu wa Oxford, pamoja na wale waliokuwa wakirudi kwenye mafundisho ya Ignatius na Cyprian. Wao walisema kanisa bila askofu si kanisa kamili. Kama Mitume wenyewe walitangulia, askofu naye atangulie, aende na mapadre na mashemasi wake, akaupande mti mzima badala ya tawi.

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia chuo kikuu cha Cambridge akiwasihi vijana wasomi waende Afrika. Mwito huo ulizaa misheni ya vyuo vikuu, ile iliyokuja kujulikana kwa herufi za UMCA, na misheni hiyo ikaifuata njia ya Wilberforce. Ndiyo sababu Mackenzie alipanda meli akiwa kasisi na akaondoka Cape Town akiwa askofu. Hakuhitaji hati ya kumpa milki. Kwa Kanisa la Uingereza lililozoea kumwona askofu akitokea mkononi mwa mfalme, hayo yalikuwa mageuzi makubwa.

Fimbo na bunduki

Mackenzie alikuwa mtu mpole na mnyoofu. Alipanda mto Zambezi na mto Shire pamoja na Livingstone, na mwezi Julai 1861 wakakutana na msafara wa watumwa. Wenye msafara walikimbia, watumwa wakafunguliwa kamba na minyororo. Kwa siku chache tu askofu asiye na kundi akajikuta na watu zaidi ya 80, wengi wao wanawake na watoto, wanaomtegemea kwa chakula na ulinzi. Akakaa nao Magomero, katika nchi ya Wamang'anja.

Wamang'anja wakamwomba awasaidie dhidi ya Wayao waliokuwa wakiwateka watu. Mackenzie alikubali. Alikwenda akiwa ameshika fimbo ya uchungaji aliyopewa Cape Town katika mkono mmoja na bunduki katika mkono wa pili, na vijiji vikachomwa. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliwashtua hata marafiki wa misheni. Walimtuma mchungaji, naye akawa amiri wa vita. Kwa haki lazima isemwe kwamba mtu huyo hakutafuta ardhi wala pembe za ndovu, na waliokuwa mikononi mwake walikuwa hatarini kweli. Lakini alikuwa ameingia ugomvi wa nchi asiyoifahamu, bila mzee mwenyeji wa kumshauri, kwa sababu njia ya askofu kwanza ilimweka mahali ambapo hapakuwa na baraza la kumrudi.

Hakuishi muda wa kujifunza. Mwanzoni mwa mwaka 1862 mtumbwi wake ulizama na dawa za homa zikapotea majini. Tarehe 31 Januari alifariki katika kisiwa kilicho penye makutano ya Shire na Ruo. Alikuwa askofu kwa miezi kumi na tatu.

Wavulana watano

Aliyemfuata, William Tozer, aliwekwa wakfu mwaka 1863. Aliitazama nchi ya Shire, njaa yake, vita vyake na makaburi ya wenzake, akaamua kuondoka. Livingstone alikasirika sana na kuuona uamuzi huo kuwa woga. Tozer hakuyumba. Mwezi Agosti 1864 alishuka Unguja, akiwa na padre mmoja mwanasheria aitwaye Edward Steere.

Historia imemhukumu Tozer vizuri kuliko Livingstone alivyomhukumu. Alichokiona ni kwamba Unguja ndiko njia za bara na bahari zilikokutana. Misafara ya Ujiji, Tabora na Nyasa ilianzia na kuishia katika himaya ya Sultani, na Kiswahili kilitembea na misafara hiyo. Soko la watumwa nalo lilikuwa pale pale mjini.

Sultani Majid alimkabidhi Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa dayosisi yake. Askofu aliyetumwa kuigeuza Afrika ya kati alianza kwa kufundisha watoto watano kusoma. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walifanywa mashemasi wadogo mwaka 1870. Farajallah alifariki muda mfupi baadaye, wakati kipindupindu kilipoushambulia mji. Swedi aliendelea, na mwaka 1879 akawa shemasi kamili.

Shule ya wavulana ilikaa Kiungani, na shamba la Mbweni likawa makazi ya walioachwa huru. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliharibu majengo, afya ya Tozer ikavunjika, na mwaka 1873 akajiuzulu.

Mwanasheria aliyekaa akasikiliza

Edward Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, lakini kazi yake kubwa aliianza kabla ya hapo. Tangu alipofika Unguja alijifunza Kiswahili kwa wenyewe. Aliwaketisha wasimulizi wa mjini, akawasikiliza, akaandika. Mwaka 1870 kilitoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa. Vijana wa misheni walijifunza kupanga herufi na kuendesha mashine ya kupiga chapa. Steere alitafsiri Agano Jipya na kitabu cha sala, na Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891, baada ya yeye kufariki.

Hapa ndipo kazi ya askofu ilipobadilika sura. Mackenzie aliingia bara na fimbo akitaka kulinda. Steere alikaa kitako akitaka kuelewa. Askofu aliyekuja kufundisha alikubali kuwa mwanafunzi wa watu wa Unguja, wengi wao Waislamu, na bila subira yao kitabu chake kisingekuwapo. Kwa maoni yangu hakuna alilolifanya lenye maana zaidi kwa kanisa lake, kwa sababu mtu anayeweza kusali kwa lugha yake anaweza pia kuhoji kwa lugha hiyo.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yake. Soko la Mkunazini likafungwa. Misheni ilikipata kiwanja chake, sehemu ikiwa zawadi ya mfanyabiashara Mhindu aitwaye Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi liliwekwa, na siku ya Krismasi 1879 ibada ya kwanza ikafanyika ndani ya kanisa hilo. Steere aliusimamia ujenzi mwenyewe. Paa lake la kuba, la matumbawe yaliyochanganywa na saruji, liliwatia watu hofu, wakasema litaanguka. Mpaka leo liko juu. Nguzo fulani zimesimama kichwa chini miguu juu, na inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo wakati askofu amesafiri.

Kila askofu ana kanisa kuu, na kanisa kuu huitwa hivyo kwa sababu lina kiti chake. Kiti cha Zanzibar kiliwekwa mahali palepale binadamu walipokuwa wakipimwa meno na kunadiwa. Ukweli huo haupaswi kutufanya tusahau kwamba utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja mpaka mwaka 1897. Soko lilifungwa, lakini watumwa walibaki mashambani, na ibada ziliimbwa Mkunazini kwa miaka 17 kabla sheria haijawafikia.

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la walioachwa huru kutoka pwani ya Lindi kwenda bara. Wengi wao walikuwa wametekwa katika nchi za Nyasa na walitaka kurudi karibu na kwao. Hawakufika ziwani. Waliishia Masasi, wakaipenda nchi, wakajenga. Hapo ndipo kanisa la kusini lilipoanza, na walioanzisha walikuwa watu wazima waliokuwa watumwa, wakiishi, wakilima na kusali wenyewe askofu akiwa mbali Unguja. Steere alifariki Agosti 1882 na akazikwa katika kanisa alilolijenga.

Kasisi apatikana, kiti hakisogei

Charles Alan Smythies, aliyekuja baada ya Steere, alikuwa askofu wa miguu. Alikwenda kutoka pwani hadi Nyasa na kurudi, safari baada ya safari, akibatiza, akiweka mikono ya kipaimara, akisuluhisha. Mwaka 1890 alimpa ukasisi Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni na kulelewa na misheni Unguja. Majaliwa ndiye kasisi wa kwanza Mwafrika wa dayosisi hiyo. Alifanya kazi Chitangali, kusini, miongoni mwa Wayao wenzake, na kanisa likakua mikononi mwake.

Dayosisi ilikuwa kubwa kupita uwezo wa mtu mmoja. Mwaka 1892 nchi za Nyasa zilipewa askofu wao. Smythies alifariki Mei 1894 akiwa ndani ya meli, akazikwa baharini. Chauncy Maples, aliyefanywa askofu wa Nyasa mwaka 1895, alizama ziwani mwaka huohuo kabla hajafika kwenye kiti chake. Waliokuwa wakitumwa walijua kwamba uaskofu wa Afrika ulikuwa karibu sawa na kuandika wosia.

Yafaa tuangalie kilichotokea magharibi wakati huohuo, kwa sababu njia ya Venn nayo ilijaribiwa. Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyeuzwa utumwani akiwa kijana na kuokolewa na meli ya Waingereza mwaka 1822, aliwekwa wakfu Canterbury tarehe 29 Juni 1864, miezi miwili kabla Tozer hajashuka Unguja. Aliongoza misheni ya Niger kwa zaidi ya miaka 25 akiwa na watumishi Waafrika. Venn alipofariki, kizazi kipya cha wamisionari vijana kilikuja kikiwa na dharau, kikawachunguza na kuwafukuza kazi watu wa Crowther, kikamnyang'anya mzee huyo mamlaka. Alifariki tarehe 31 Desemba 1891. Nafasi yake alipewa Mzungu.

Kwa hiyo njia zote mbili zilikwama mahali pamoja. Wilberforce alitaka askofu atangulie, Venn alitaka afuate, na kila mmoja alikuwa na hoja nzuri. Lakini hakuna mpangilio uliosaidia pale waliokuwa na madaraka walipokataa kuamini kwamba Mwafrika anaweza kukaa kwenye kiti na kubaki hapo. Kutoka Majaliwa alipopewa ukasisi hadi dayosisi hiyo ilipopata askofu mwenyeji ilipita miaka 73.

Sauti ya Weston

Katika kipindi hicho kirefu alitokea askofu mmoja aliyeonyesha kiti hicho kinaweza kutumika kwa nini. Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, akafundisha Kiungani, na mwaka 1908 akawa askofu wa Zanzibar. Alikuwa mkali wa mafundisho. Mwaka 1913 misheni za Kiprotestanti zilipokutana Kikuyu, Kenya, kupanga ushirikiano na kushiriki meza moja ya Bwana, Weston aliwashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury maaskofu wenzake wawili, wa Uganda na wa Mombasa, kwa kuivunja imani. Ugomvi huo ulitikisa Uingereza nzima.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, wamisionari Waingereza waliokuwa Tanganyika walifungwa na Wajerumani. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1916 makanisa ya bara yalibaki mikononi mwa makasisi na walimu Waafrika, na baadhi yao nao waliteswa na kufungwa. Ibada hazikufa. Watoto walibatizwa, wafu walizikwa, shule nyingine ziliendelea. Kama kulikuwa na mtihani wa kuonyesha nani anaweza kulibeba kanisa, mtihani huo ulifanyika katika miaka hiyo miwili, na jibu lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Weston mwenyewe, mwaka 1916, aliwaongoza wapagazi wa Zanzibar katika vita, akitembea nao mwendo wao.

Kazi iliyomwinua zaidi ni ya miaka iliyofuata. Mwezi Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey huko Kenya ilitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawasukume Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Maaskofu wa Uganda na Mombasa, pamoja na mmisionari wa Kiskoti Dk. Arthur, waliukosoa, lakini wakakubali kwamba kazi ya kulazimishwa inaweza kuwapo ikiwekewa sheria na mipaka. Weston hakukubali sharti hata moja. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu akiwaita Waafrika hao watwana wa Uingereza, akasema wazi kwamba kumlazimisha mtu amfanyie kazi tajiri binafsi ni uovu, uwe na sheria au usiwe nayo. Yeye na wengine waliopaza sauti hawakupuuzwa. Mwaka 1921 Winston Churchill, akiwa waziri wa makoloni, alitoa agizo la kuwakataza maofisa wa serikali kuwatafutia walowezi wafanyakazi.

Mtu aliyekuwa tayari kuligawa kanisa kwa ajili ya Ekaristi alikuwa tayari pia kugombana na dola yake kwa ajili ya mkulima wa Kikuyu asiyemjua. Kwake mambo hayo mawili yalikuwa imani moja. Weston alifariki tarehe 2 Novemba 1924 Hegongo, karibu na Magila, Muheza. Hata hivyo, askofu huyu aliyewatetea Waafrika kwa nguvu zote hakuacha nyuma askofu Mwafrika. Kiti kilipita kwa Mwingereza mwingine, kisha kwa mwingine tena. Masasi ilipofanywa dayosisi mwaka 1926, nako alikaa Mwingereza, William Vincent Lucas, mtu aliyejitahidi kuoanisha jando la wenyeji na mafundisho ya Kikristo. Kumsemea mtu na kumpisha ni mambo mawili.

Kiti kinapata wenyewe

Mlango ulifunguliwa kutoka pande nyingine. Mwaka 1939 Papa Pius XII alimweka wakfu Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, askofu wa kwanza Mwafrika mweusi wa Kanisa Katoliki katika nyakati zetu. Mwaka 1947 Aberi Balya akawa askofu Mwanglikana nchini Uganda. Mwaka 1952 Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukoba, akawa askofu, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali wa kwanza Mwafrika. Mwezi Mei 1955, katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher wa Canterbury aliwaweka wakfu Waafrika wanne kwa siku moja, miongoni mwao Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika ya kati.

Walutheri walitoa jibu la tatu. Misheni zao za Kijerumani hazikuja na maaskofu kabisa. Makanisa yalikua na sharika na sinodi, kisha yakaamua yenyewe kuwa na askofu. Stefano Moshi alichukua uaskofu kaskazini mwaka 1960, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963 ndiye aliyekuwa mkuu wake. Josiah Kibira aliwekwa wakfu Bukoba mwaka 1964, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Miaka kumi na tatu tu ilimtosha kutoka kiti cha Bukoba hadi uongozi wa Walutheri wa dunia nzima.

Zanzibar ilifika pia. Mwaka 1963 John Sepeku aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa dayosisi hiyo. Mwaka 1965 akawa askofu wa Dar es Salaam, na mwaka 1970 Kanisa Anglikana Tanzania lilipokuwa jimbo lenye kujitegemea, akawa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1968 Yohana Jumaa alikikalia kiti cha Zanzibar na Tanga. Mwaka 1980 alifuatiwa na John Ramadhani, ambaye mwaka 1984 akawa pia Askofu Mkuu wa Tanzania. Dayosisi iliyotangulia kuwa na askofu kabla ya muumini ilimpata mwishowe, kwa Sepeku, askofu aliyetoka miongoni mwa waumini wake, miaka 102 baada ya ibada ya Cape Town.

Uzito wa kiti hicho haukupungua kwa kukaliwa na wenyeji. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa. Kati ya Cyprian na Luwum kuna zaidi ya miaka 1,700, na wote wawili waliuawa na watawala wakiwa maaskofu wa kundi lililo palepale.

Historia hii imenipa hukumu moja, nami naisema bila kusita. Askofu anaweza kutangulia, kama Mackenzie, au kufuata, kama Kibira, na kanisa likasimama. Lisiloweza kusimama ni kanisa ambalo askofu wake hana wa kumshauri wala wa kumhoji. Mackenzie alipotea kwa kukosa baraza. Steere alifaulu kwa kusikiliza. Weston aling'ara alipowasemea wanyonge, na kanisa lake likachelewa kwa sababu lilizoea kusemewa. Kanuni ya Cyprian, ya shauri la makasisi na ridhaa ya watu, ndiyo iliyokosekana kila mara mambo yalipoharibika.

Leo dayosisi mpya zinaendelea kuzaliwa, na chaguzi za maaskofu mara nyingine huishia mahakamani, watu wakihesabiana kwa makabila na koo. Wewe mjumbe wa sinodi, padre, mwinjilisti, mama wa umoja wa wanawake, unapoitwa kupiga kura au kutoa maoni, uliza mambo matatu kabla ya kuuliza jina la mtu na kwao. Je, anasikiliza? Je, atawasemea wasio na sauti hata mbele ya serikali? Je, anaandaa watu wa kumpisha? Anayeshindwa hayo, hata awekewe mikono na maaskofu mia, usimpe kura yako.